Mdogo wangu, uliyekuja Ruaha kama mgeni

Mdogo wangu, kamwene.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia hapa. Wengine watakaosoma wanisamehe kwa kuanika ya nyumbani.

Jina lako nililiona kwenye orodha ya wageni wa kempu ninayofanyia kazi humu hifadhini, nikadhani ni majina kufanana. Mpaka ndege ilipotua Msembe, ukashuka na ule mwendo wa baba, bega moja chini. Nilifurahi, nisikufiche. Nikajua utanikumbatia mbele ya wazungu wote, meneja anune akipenda. Ukapokea kitambaa cha kufutia vumbi, ukajifuta, ukaangalia mto.

Hilo nililimeza. Safari inachosha, na sare humbadilisha mtu. La jioni ndilo halimezeki.

Maji ya kuoga pale kempu tunachemsha kwa kuni. Tunabeba ndoo ya lita 20 hadi nyuma ya hema, tunaivuta juu kwa kamba, mgeni anafungulia akiwa ndani. Kati yake na sisi ni turubai tu, na turubai halizuii maneno. Mkeo alikuuliza kama una ndugu upande huu. Ukamjibu kwamba wengine walikufa, wengine walihama, hakuna aliyebaki. Mama yuko Idodi! Mngekuja kwa gari kutoka Iringa, mkafuata njia ya Tungamalenga, mngepita mlangoni kwake.

Nikaita, "Maji tayari." Kimya. Sauti yangu unaijua, ndiyo iliyokuamsha uende shule miaka yote ile. Halafu ukaniomba, kwa Kiingereza, niongeze ya baridi. Nikaongeza. Kamba nilikuwa nimeishika mimi, na Mungu anajua nilichowaza.

Usiku nikawasindikiza na tochi, maana giza likishaingia mgeni hatembei peke yake. Mkeo akataka kujua tembo wanatafuta nini kwenye mchanga wa mto Mwagusi. Nikamweleza kuwa kiangazi wanachimba maji. Wewe ulikuwa nyuma, kimya. Ungemweleza vizuri kuliko mimi. Mwaka 1993, mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka, si wewe uliyelia baba aliposimulia viboko waliobanana kwenye tope? Hukula usiku ule. Chakula chako nilikula mimi.

Ushauri wangu ni mmoja: mwambie mkeo. Si kwa ajili yangu. Yule alinipa mkono, akaniuliza watoto wangu wako darasa la ngapi, ni mtu. Na wenu wakiuliza bibi yuko wapi, utawajibu nini? Usije ukanigeuzia kibao kwamba hata mimi nilikaa kimya. Ningesemaje? Meneja hataki tuwasumbue wageni na mambo yetu, mimi nina ada za kulipa, na wa kufungua mdomo pale hakuwa mimi. Aibu sikuona. Kazi yangu naijua, ndege akilia gizani namtaja jina kabla hujawasha tochi, na wageni wanaorudi mwaka wa pili huniulizia. Nani aliacha shule ili ng'ombe wa mwisho akulipie wewe, leo simo kwenye hayo. Basi usiwaambie watu kuwa nakuonea wivu kwa sababu ya kitanda cha hemani. Nimekitandika mara nyingi mno, hata sikitamani.

Bakshishi mliyoacha tuligawana wote, kama kawaida. Fungu langu nilimpelekea mama, nikamwambia limetoka kwako. Akalifunga kwenye pindo la khanga, akakuombea, halafu akauliza mkeo anapenda kula nini. Nikasema wali. Mimi nitajuaje? Nimechoka kukutungia majibu. Mpigie jioni, mchana mtandao wa kule unasumbua, na uanze na hilo la chakula.