Kabla ya kupaka rangi nyumba ya kuuza, kausheni ukuta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotaka kuuza nyumba hapa Mbeya, pamoja na wenzetu wa Tukuyu, Njombe na Iringa. Ndoo ya rangi iwe ya mwisho kununuliwa. Wengi huamua kuuza Februari, mvua bado inapiga, fundi anaitwa na nyumba inapakwa nje na ndani kwa siku tatu. Mei ikifika rangi imetoka malengelenge. Mnunuzi akiyaona hahesabu gharama ya rangi. Anajiuliza kuna nini kingine kimefichwa, na bei inashuka hapohapo.

Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, na tofali hilo linakunywa maji. Kama msingi haukuwekewa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, maji hupanda kutoka ardhini yakibeba chumvi, nayo hujitokeza kwenye plasta kama unga mweupe. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake umeyafungia maji ndani, na yatasukuma mpaka rangi ibanduke.

Kujua unyevu unatoka wapi, chukua kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa seloteipu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa jikoni na pumzi za watu waliojifungia kwa baridi, na hapo kinachotakiwa ni kufungua madirisha.

Kama ni ukuta, anzia nje. Ziba gata zinazovuja. Bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani ichimbuliwe hadi udongo uwe sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Hiyo bustani, kwa uzuri wake wote, ndiyo mkosaji ninayemkuta mara nyingi kuliko wote. Zungushia nyumba zege la upana wa sentimita 60 hadi 90 linaloinamia nje, ili mvua isirushe udongo mwekundu ukutani. Ndani, bandua plasta mbovu mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, maana ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ukutani. Piga plasta mpya, mchanga ndoo 4 kwa saruji ndoo 1, uiache wiki 4 ikauke.

Ndiyo maana kazi hii ianze Juni, rangi ipakwe Agosti au Septemba, na wanunuzi waje kabla mvua za Novemba hazijarudi. Wakati huo wakulima nao wengi wameshauza mavuno. Anayelazimika kupaka Juni au Julai, apake kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Usiku wa miezi hiyo hushuka chini ya nyuzi 10, na rangi ya maji ikikutwa mbichi na umande haishiki. Ndoo ya lita 20 inatosha takriban mita za mraba 100 kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ukuta ukiwa laini.

Masizi ya jiko la mkaa hayafunikwi na rangi ya maji hata ukipaka mikono mitano. Yanachuja na kurudi ya njano. Osha kwa sabuni, acha pakauke, paka mkono mmoja wa rangi ya mafuta ya awali, kisha rangi ya kawaida. Yale maandishi ya "Nyumba hii haiuzwi" nayo yafanyiwe hivyohivyo, la sivyo yatamsalimia mnunuzi getini.

Ufa mwembamba wa plasta ujazwe. Ule wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha na kupita kwenye tofali usifichwe kamwe: mwite fundi mwashi, na mnunuzi aambiwe.

Vyombo ni kazi ya siku moja. Ondoa theluthi ya makochi na makabati, pazia nzito zishuke, taa zilizoungua zibadilishwe. Nyumba iliyokaa tupu hunuka kwa sababu maji kwenye bomba lililopinda chini ya sinki yamekauka na hewa ya chemba inapanda. Mimina lita 2 za maji kwenye kila tundu, na kijiko cha mafuta ya kula juu yake ili yasikauke upesi.

Hati, risiti za kodi ya ardhi na bili ya maji viwe mezani siku ya kwanza. Mwenza naye awepo: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake, na wanunuzi wa siku hizi huulizia hilo kabla hawajapanda ngazi.

Fundi rangi na plasta,
Uyole, Mbeya