Barua kwa mwanangu: nenda kliniki kwanza

Mwanangu,

Shangazi yako ameniambia tiketi ya Muscat imeshakatwa, tarehe 3 Oktoba. Kazi umepata, namshukuru Mungu. Lakini kliniki yako ni tarehe 20, nawe umemwambia mkono umeshakufa, hakuna cha kusubiri.

Haujafa, baba. Neva iliyokatika pale kiwikoni ni mkia tu. Seli yenyewe iko ndani ya uti wa mgongo, chini ya shingo, na iko hai. Ilipopata habari ya jeraha ilibadili kazi: jeni za kupeleka ujumbe kwa msuli, ikiwemo ile ya kutengenezea asetilkolini, kemikali inayobeba ujumbe huo, zikapunguzwa, za kuotesha uzi mpya wa neva zikawashwa, zile ziitwazo ATF3, c-Jun, GAP-43. Nimewafundisha watoto wa watu baiolojia miaka 26, wangu ndiye hanisikii.

Uzi huo huota kama milimita 1 kwa siku. Chukua utepe upime kutoka kiwikoni hadi kiganjani: sentimita 30 hivi, yaani siku 300. Tangu ushonwe Aprili ni siku 150. Uzi uko katikati ya mkono, wewe unauzika!

Kinachoninyima usingizi ni kwamba seli haijengi milele. Miezi ikipita jeni zile hupoa, seli za Schwann zinazouongoza uzi nazo huchoka, na msuli uliokaa muda mrefu bila neva hukonda hadi ushindwe kuupokea. Daktari akiona mapema kwamba uzi haufiki, anaweza kuhamishia neva nyingine. Mwaka na nusu ukishapita, nafasi hiyo ni finyu sana. Nenda kliniki kwanza. Mwajiri mwombe wiki tatu.

Na vidole uvinyooshe kila asubuhi kwa ule mkono wako mzima, visije vikakakamaa.

Najua utasema wiki sita zilishapotea hapa nyumbani kwa kukandwa, kabla ya hospitali. Maji niliyachemsha mimi.

Mwandiko wako wa kushoto nimeuona, umenyooka. Nimemwonyesha hadi jirani.

Bati la jikoni limeng'oka tena upande wa mwembeni. Mdogo wako amelipiwa nusu ya ada, mwalimu mkuu amekubali kungoja. Ile hela uliyotuma ya bati sijaigusa; nauli ya kliniki itoke humo. Tarehe 20, baba.

Mama yako