Shukrani kwa muuguzi wa boti ya Mkoani

Dada muuguzi ambaye sikuwahi kukuuliza jina, uliyekaa nasi botini kutoka Mkoani, Pemba, kwenda Unguja, nakushukuru kwa dhati. Mwanangu alipasuliwa India kwa roboti ili kurekebisha njia ya mkojo iliyoziba chini ya figo, akawekewa stenti, yaani mrija mwembamba wa kupitisha mkojo, nasi tukadhani la kuangalia ni maumivu ya kibofu na damu kidogo kwenye mkojo tu. Wewe ndiye uliyesoma karatasi zetu, ukatueleza kwamba mrija ule hukaa kwa muda tu, na ukisahaulika huganda chumvi ngumu kama mawe, ukaziba, hata ukakatika unapotolewa. Wiki ya tisa tangu awekewe ilikuwa imeshaingia! Mrija umetolewa salama, kwa dawa ya usingizi. Na boflo ulilompa alilimaliza lote.