Wenzetu wageni kazini: kikao cha Alhamisi

Habari za jioni wanakikundi. Alhamisi saa mbili usiku tutaongelea wafanyakazi waliotoka nchi nyingine, na namna ya kuwafanya wajione wenyeji kazini. Mabango ya "Karibuni" ukutani tuyaache kwanza, hayo ni rahisi.

Mimi linaloniuma ni majina. Mtu anafika siku ya kwanza, msimamizi anajaribu jina lake mara moja, ulimi unakwama, anacheka, kisha anambandika kifupi chake mwenyewe. Mwaka mzima mgeni anaitikia jina asilolichagua. Kumuuliza "nikuiteje?" kunachukua sekunde ngapi jamani?

Halafu maelekezo ya usalama. Mtu akiitikia kwa kichwa msidhani kaelewa, huenda anaona haya kuuliza. Mwambieni awaonyeshe kwa mikono yake jinsi mashine inavyozimwa.

Sikukuu za dini na ratiba za zamu tutazigusa pia. Anayedhani mambo haya ni hisani, ajue Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaopinga ubaguzi kazini, upo tangu 1958, na unataja hata ubaguzi wa asili ya taifa.

Mameneja, msije kuhutubia. Njooni na kisa kimoja kilichowashinda, bila kutaja jina la mtu.