Shukrani kwa bimkubwa wa gari ya Tunguu

Bimkubwa uliyekaa nami kiti cha nyuma juzi, jina sikukuuliza. Nilishuka mbio kuwahi kipindi, nikaacha diski yenye taarab tuliyorikodi usiku kucha: ganuni, fidla, udi, kila ala imerikodiwa peke yake kwenye njia yake, sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde. Nakala nyengine sina (na ndiye mimi ninayewahimiza wanafunzi waweke tatu!). Ukashuka kituo cha mbele, ukarudi kwa miguu juani na kapu lako la samaki, ukamwambia mlinzi, "Mpe yule anayefundisha watu kusikiliza." Diski umeifunga kwenye leso, hata vumbi haikupata. Nilipotoka darasani ushaondoka. Leso yako ninayo, nimeshaifua. Ahsante sana, mama.