Umebadilisha ruta na simu ya mezani ikanyamaza? Anzia hapa

Wateja wengi wanaotupigia kusema simu ya ofisi "imekufa" wametoka kubadilisha intaneti. Walikuwa na faiba, sasa wana ruta ya 4G, au kampuni ya intaneti imewaletea ruta mpya. Adapta ya simu, kile kisanduku kinachounganisha simu ya kawaida na intaneti, mara nyingi ni nzima kabisa. Imebaki tu na anwani ya ruta ya zamani.

Tuchukue mfano wa adapta ya Grandstream HT801. Fundi aliyeifunga aliipa anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, kwa kuwa ruta ya wakati ule ilikuwa 192.168.1.1. Ruta nyingi za 4G za Huawei hutumia 192.168.8.1. Basi adapta inabisha mlango ambao haupo tena. Taa ya umeme inawaka, taa ya simu haiwaki, na mwenye ofisi anaanza kuulizia bei ya adapta nyingine.

Tafadhali usikimbilie kile kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kinafuta pia jina la akaunti, nenosiri na seva ya kampuni inayokupa laini. Kama hukuviandika mahali, kazi ya dakika chache itakula siku nzima.

Badala yake, inua mkono wa simu ubonyeze nyota mara tatu. Utasikia sauti ya Kiingereza hata kama intaneti haipo, maana inatoka ndani ya adapta yenyewe. Bonyeza 02, itakusomea anwani yake. Ikiwa sehemu tatu za mwanzo hazifanani na za ruta yako, tatizo umelipata. Kata, anza upya na nyota tatu, bonyeza 01, kisha 9 mpaka usikie DHCP. Sasa adapta itapokea anwani kutoka kwa ruta. Chomoa umeme, subiri kidogo, chomeka tena. Wenye adapta za zamani za Linksys PAP2T, kwenu ni nyota nne, halafu 110 na alama ya # kusikia anwani.

Wako wanaotaka anwani isibadilike, na wana haki, hasa kama kuna adapta kadhaa. Ila iwekeni upande wa ruta: chukua namba ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) kwenye stika ya adapta, ingia kwenye ruta, uitengee namba hiyo anwani yake. Siku ruta ikibadilishwa tena, adapta itajipatia anwani mpya bila kumsubiri fundi.

Simu imerudi, lakini wewe unamsikia mteja na yeye hakusikii? Hili ndilo linalotuletea kazi kubwa kuliko yote. Maelezo ya kupiga na kupokea simu kwa kawaida hupita poti 5060 (poti ni kama mlango wenye namba kwenye mtandao), lakini sauti yenyewe hupita poti nyingine. Ruta nyingi zina kitu kinachoitwa SIP ALG, ambacho hubadilisha anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa simu kwa nia ya kusaidia, na mara nyingi kinaharibu. Kizime. Kama ruta ya kampuni haikuruhusu, waombe wao wakizime, au umuulize anayekupa laini kama seva yake inapokea TLS; ujumbe ukishafungwa kwa siri, ruta haiwezi kuuchezea. Kisha ingia kwenye adapta kwa kivinjari, ukurasa wa FXS Port, uwashe Keep-Alive kwenye NAT Traversal ili ruta isiifunge njia simu ikitulia.

Kuna mafundi wanaotibu tatizo hili kwa kuiweka adapta kwenye DMZ ya ruta, yaani kuiacha ifikiwe moja kwa moja kutoka intaneti. Tunakusihi usikubali. Adapta iliyo wazi kwa dunia nzima hutafutwa na programu za wezi usiku na mchana. Utaanza kupokea simu za saa nane usiku kutoka namba kama 100 au 1000, na nenosiri likiwa rahisi, watapiga nje ya nchi kwa salio lako.

Kuhusu kasi ya intaneti usihangaike sana. Adapta hugeuza sauti kuwa data kwa mifumo kama G.711 na G.729. Mazungumzo kwa G.711 hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, na kwa G.729 kama 31. Sauti ikikatikakatika, angalia kwanza nani ofisini anapakia video.

Ukitupigia, uwe karibu na adapta, na utusomee anwani uliyosikia kwenye 02.