Hamadi, hicho kiwanja cha kuzama kiondoeni

Swahiba Hamadi,

Salamu sana. Huku tu wazima, joto tu ndilo linalotuonea; watoto wanakuamkia. Nimeipata michoro yenu ya kuigeuza stendi ya zamani ya mabasi kuwa uwanja wa watu, na kwa kuwa kikao chenu ni Alhamisi, mengine nayaacha. Habari za harusi ya Mwanaidi tutazungumza siku nyingine.

Mchoro unapendeza, sikatai. Ila hao watu waliochorwa wamevaa makoti. Makoti, Hamadi, pwani! Ndipo nilipojua kitu kimetoka mbali. Hicho kiwanja cha mpira kinachogeuka bwawa mvua ikinyesha ni mwigo wa uwanja wa Benthemplein ulioko Rotterdam, Uholanzi, uliofunguliwa 2013. Kule kuna mabeseni matatu: mawili ya kina kifupi hupokea maji kila mvua inyeshapo, na la tatu, lile la michezo, hupokea mvua ikizidi. Kwa pamoja yanabeba kama lita milioni 1.7. Kazi safi kabisa, lakini kwao mvua imegawanyika mwaka mzima. Yenu inakuja na masika, kwa kishindo, imebeba mchanga wa barabara za vumbi, chupa na maganda ya machungwa. Mvua moja tu, uwanja una tope la kukwangua kwa koleo. Nani atakwangua?

Halafu kuna bahari. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kati ya kupwa na kujaa maji hupanda mita 3 hadi 4. Mdomo wa mfereji wenu wa kupeleka maji baharini ukishafunikwa, maji ya mjini hayatoki, na pasipo kifuniko cha kujifunga chenyewe ndiyo kwanza bahari inaingia. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, timu itakayoshuka uwanjani hapo ni ya vyura.

Badala ya kuchimba kina, tandazeni maji. Ulisema eneo ni mita za mraba 3,000. Mvua ya milimita 60 hapo ni lita 180,000, yaani matangi 18 ya lita 10,000. Bustani zilizobonyea za mita za mraba 300, zikishika maji ya kina cha sm 20, zinabeba 60,000. Njia za mita za mraba 500 zikiwekewa chini kokoto safi ya sm 40, zinabeba kama 70,000, maana nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 35. Zinabaki 50,000: nyingine itanywewa na ardhi huku mvua ikinyesha, nyingine ipewe njia ya kufurikia inayojulikana, isijichagulie mlango wa duka la mtu.

Kabla ya yote, pimeni ardhi. Mabasi yameishindilia miaka yote ile, huenda ni ngumu kama sakafu. Chimbeni shimo la sm 30 kwa 30, kina sm 60, mjaze maji, yakiisha mjaze tena, ndipo mpime kwa rula kila nusu saa. Yakishuka pungufu ya sm 2 kwa saa, mtahitaji bomba la matundu chini ya bustani. Fanyeni pembe zote nne na katikati. Penye udongo unaonuka oili uchimbwe uondolewe, na msipeleke maji pale, maana mtaisukuma oili ishuke hadi kwenye maji ya visima.

Pevingi, yaani tofali za kutandika njia, ndipo kazi inapoharibikia. Kati ya tofali na tofali iachwe milimita 6 hadi 8, ijazwe chenga za kokoto. Fundi akigeuka tu atafagilia mchanga na saruji, kwa sababu ndivyo alivyozoea, na hapo mmenunua sakafu. Chini pia isiwe kokoto yenye vumbi, ioshwe. Ukingo wa bustani uwe na midomo ya kuingizia maji, upana sm 30, na udongo wa ndani uwe sm 5 chini ya mdomo, la sivyo tope la kwanza litajenga kizingiti na maji yatapita nje. Kila mdomo wekeni mawe ya kunasia mchanga. Maji yaishe ndani ya saa 48. Mbu anahitaji kama wiki moja kutoka yai hadi kuruka.

Copenhagen, Denmark, walipata funzo lao Julai 2, 2011, mvua ya kama milimita 150 ndani ya saa chache. Uwanja wa Tåsinge Plads ukafuata, 2014, na pale maji ya mapaa wameyatenga na ya barabarani, kwa ajili ya chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu. Ninyi hamna barafu, ila mna mama lishe. Maji ya sabuni na mafuta yasiingie bustanini. Wapeni sinki na shimo la kunasia mafuta, linalozolewa kila wiki.

Na ile miti miwili ya mikungu? Kwenye mchoro haipo, ipo mitende ya mapambo ambayo kivuli chake kinamtosha kuku mmoja. Fensi ya mabati ya ujenzi ifuate kivuli cha mkungu cha saa sita mchana. Ndani yake hakuna kuchimba, kurundika mchanga wala kuosha vyombo vya zege. Mipya iwe mikungu, mitondoo na mikwaju, shimo mita 1.5 kwa 1.5, kina mita moja, lita 40 mara mbili kwa wiki kiangazi chote, miaka miwili. Hayo maji na mtu wa kuyamwaga viingizwe kwenye bajeti sasa, si baada ya kukata utepe.

Sasa nijibu. Huyo mchoraji amewahi kufika hapo siku ya mvua? Mfereji wa zamani unatokea wapi, na mdomo wake bamvua unazama? Mzee Kombo yuko upande gani? Mama lishe wameitwa kikaoni au watasikia kwa tingatinga? Na kile kiwanja, kikao kikikishikilia sana, si mnaweza kukijenga usawa wa ardhi, kiinamishwe kidogo tu, sm 1 kwa kila mita, maji yaende bustanini? Nipigie Jumatano usiku, hata ukichelewa.

Swahiba wako,
Athumani